Sufuria la Kubeba na Sufuria la Kuazima

Kwa miaka mingi mtaa wetu wa Magomeni, pale Kilosa, uliamini kwamba kazi yangu Dar es Salaam ni kutunza vitabu. Chanzo ni mama. Aliniuliza siku moja nafanya nini hasa na hiyo kompyuta ya serikali, nami kwa uvivu wa kueleza nikamjibu kwamba siku hizi niko upande wa maktaba. Alifurahi mno, kwa sababu maktaba alikuwa anaijua, aliwahi kuiona shuleni kwa misheni. Basi nikija likizo, wazazi wenye watoto wa shule wakawa wanapita nyumbani kuuliza kama nimewaletea cha kusoma. Nilikanusha mpaka nikachoka. Mwisho nikawa nanunua vitabu viwili vitatu vya hadithi kabla ya kupanda treni, nisije nikaonekana mchoyo.

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati la chuma lililojaa kadi. Programu wakati ule tuliziandika kwenye kadi ngumu zenye matundu, mstari mmoja kadi moja, na programu nzima ilikuwa furushi la kadi lililofungwa kwa mpira. Sasa, kuna kazi ambazo karibu kila programu inazihitaji: kuhesabu siku kati ya tarehe mbili, kupanga majina kwa alfabeti, kukata kodi kwenye mshahara. Ni upuuzi kila mtu kuzibuni upya. Mmoja wetu akiandika sehemu nzuri ya kuhesabu siku, tuliiweka kabatini ili wengine waitumie, na kabati hilo ndilo tuliloliita maktaba.

Kuitumia kulikuwa na njia mbili, na hapo ndipo ofisi ilipogawanyika. Njia ya kwanza, unatoa nakala ya zile kadi na kuzichomeka ndani ya furushi lako. Programu yako inanenepa, lakini inajitosheleza. Popote itakapokwenda imebeba kila kitu chake. Njia ya pili, programu yako inataja jina tu, na ile sehemu yenyewe inakaa mahali pamoja, kwenye tepu, yaani utepe wa sumaku unaosomwa na mashine. Mashine ikifika kwenye lile jina inakwenda kuichukua pale. Programu inabaki nyembamba, na wote mnakula chungu kimoja. Vijana wa siku hizi wana majina yao, statiki na dainamiki, na kompyuta zao zinafanya mambo haya bila mtu kugusa kadi. Mimi nasema ya kubeba na ya kuazima, na sijaona aliyeshindwa kunielewa.

Mimi nilikuwa mtu wa kubeba. Sikupenda kazi yangu itegemee kitu kinachokaa kwa mwingine. Mkuu wa kitengo chetu, mtu mpole wa kusema taratibu mpaka unatamani umsukume, alikuwa mtu wa kuazima, na mwaka ule alikuwa amepata sababu. Ile sehemu yetu ya kuhesabu siku iligundulika kuwa haijui kwamba kuna miaka Februari inaongezeka siku. Kosa la mstari mmoja. Lakini kwa kuwa kila mtu alikuwa amebeba nakala yake, kosa lilikuwa limelala ndani ya kila furushi, na wote tuliinama makabatini kupekua kadi mpaka viuno vikauma. Mkuu hakutugombeza. Alisema tu, kwa ile sauti yake, kwamba kama ingekuwa kwenye tepu angesahihisha mara moja tukaenda kunywa chai. Nilimchukia kidogo kwa kuwa alisema kweli, na bado sikukubali. Tulikuwa katikati ya mabishano hayo likizo yangu ilipofika, nikapanda treni kwenda nyumbani.

Nilimkuta mama kwenye shughuli. Dada yake, mama mkubwa wangu, alikuwa amehamia na mumewe kwenye kijiji cha Ujamaa upande wa Mikumi, na sasa alikuwa anamwoza binti yake. Mchumba alitoka Masanze. Mama mkubwa alituma ujumbe kwamba pilau hataki liguswe na mtu mwingine yeyote ila mdogo wake.

Hapa lazima niseme mama alikuwa nani. Hakuwa na cheo chochote, lakini hakuna harusi ya maana Kilosa iliyopikiwa pilau bila kwanza kumuuliza kama ana nafasi. Lilikuwa jina lake hilo, na alilitunza kwa wivu. Watu wa Masanze walikuwa hawajawahi kula mkono wake. Masanze ni majirani zetu kabisa. Pilau likiharibika Mikumi, habari ingemtangulia kurudi sokoni Kilosa. Mama hakulificha hilo. Aliniambia wazi kwamba usingizi umempungua, na kwamba afadhali akose yeye kula siku hiyo kuliko dada yake aaibike mbele ya wakwe.

Kwa hiyo alitaka kubeba sufuria lake. Lilikuwa kubwa, la alumini nene, na upimaji wake wote aliuweka humo. Vishikio viwili vya lile sufuria vilishikwa na ribiti, ile misumari minene isiyo na ncha, na vichwa vyake vilitokeza kwa ndani kama vifungo vya koti. Mchele ni debe moja, hilo halibadiliki. Maji yakigusa vile vichwa vya ribiti, basi, hapo hapo. Hakuwahi kutumia kikombe wala kidole. Kidole, alisema, ni cha anayejifunza.

Baba alicheka. Alikuwa balozi wa nyumba kumi na aliamini Ujamaa kwa moyo mmoja, hata ulipomgharimu. Alisema kijiji cha shemeji yake kina masufuria makubwa ghalani, mali ya wote, mwenye harusi anaazima na mwenye msiba anaazima, anaosha anarudisha. "Sasa wewe unapanda basi na sufuria kichwani," akamwambia mama, "wenzako watasema unahama." Mama akajibu kwamba yeye hapiki na siasa. Nikaingilia kati upande wa baba. Nilimkumbusha mama kwamba mwaka wa nyuma alikwenda huko kwenye msiba akapikia masufuria yale yale ya kijiji, na alirudi akiyasifu, maana yalitengenezwa na fundi mmoja na la kwake, na ribiti zilikuwa pale pale. Kubeba kwa nini?

Ukweli ni kwamba mbebaji ningekuwa mimi. Mama hakuwa mtu wa kubeba mzigo mbele ya binti yake. Huko Dar nilikuwa naapa kwamba kila programu ibebe vyombo vyake, na hapa Magomeni, kwa kuogopa kushika sufuria mapajani kutoka Kilosa hadi Mikumi, nilihubiri kuazima kwa ufasaha ambao mkuu wangu angeupigia makofi. Mama akakubali shingo upande.

Safari ilikuwa nzuri. Tulipita kijiji kiitwacho Ulaya mapema, basi likasimama kwa ajili ya nyani waliokaa barabarani wakikuna watoto wao bila haraka, na dereva akawasubiri kama anavyosubiriwa mkubwa. Mama alikuwa na kikapu cha viungo alivyovitwanga mwenyewe, hakukiachia hata kwenye matuta. Kijijini tulipokewa kwa vigelegele. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari, kila moja na kitalu chake cha mboga, na mama mkubwa alitutembeza kana kwamba amezijenga zote. Usiku yeye na mama walilala kitanda kimoja wakizungumza Kisagara na kucheka, na mimi nililala nikiwasikiliza, nimeridhika kabisa.

Baada ya sala ya alfajiri masufuria yakaletwa kutoka ghalani. Mtunza ghala alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Mama aliyatambua masufuria. Aliyapigapiga mgongoni, akatabasamu, akasema haya ni ndugu wa la kwangu. Alikaanga vitunguu na nyama, akatia viungo, na harufu ikawaamsha hata wasiokuwa na sababu ya kuamka. Kisha maji mpaka kwenye ribiti. Desturi yake ilikuwa kutanguliza sufuria moja, lile la wazee na la wapishi, na kuyafuatisha mengine wakati la kwanza linakauka. Akamwaga debe la mchele katika la kwanza, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko. Mengine yalikuwa yanachemka maji, mchele bado.

Wakati ulipofika akafunua. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona uso wake, halafu nikachungulia. Lilikuwa bokoboko. Mchele umepasuka na kushikana, mwiko ulisimama wenyewe bila kushikwa. Mama akafunika tena taratibu, akakaa juu ya kigogo, akatazama mikono yake. Nikaona machozi. Sikuwahi kumwona mama akilia kwa ajili ya chakula, na roho iliniuma, kwa sababu sufuria lake lilikuwa Magomeni limepinduliwa jikoni, na aliyelibakiza huko nilikuwa mimi na mdomo wangu.

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walisogea. Mmoja alisema labda mchele ni mpya. Mwingine akasema labda moto. Mama akatikisa kichwa. Mchele alikuwa ameuchagua mwenyewe na moto alikuwa ameuona. Aliinuka, akaenda kwenye sufuria la pili ambalo maji yalikuwa yanachemka, akalitazama muda mrefu, na ndipo akamuuliza mtunza ghala kama kuna mtu aliyeyagusa masufuria haya tangu msiba ule.

Yule mama akajibu kwa furaha, bila kujua anajibu nini. Ndiyo, walikuwa wameyapeleka kwa fundi. Vishikio vilikuwa chini mno, moto ukiwaka vinaunguza waipuaji, watu walikuwa wanaungua mikono kila shughuli. Kamati ya kijiji ikaamua vipandishwe. Fundi akaziba matundu ya zamani akayagonga mpaka yakalingana na ukuta wa sufuria, akatoboa mapya juu. Tangu hapo hakuna aliyeungua.

"Mlivipandisha kiasi gani?" mama akauliza.

Mtunza ghala akainua mkono, akabana vidole vitatu pamoja. Kisha akaona mama anavyovitazama vile vidole, na uchangamfu ukamtoka. "Dada, sikujua kama unapimia pale."

Mama akazitazama tena zile ribiti. "Sikuwahi kusema," akajibu.

Nakumbuka maneno hayo kuliko yote niliyosikia katika mafunzo yangu ya kompyuta, na hayakusemwa kwa hasira. Kijiji kilikuwa kimefanya jambo jema na lenye akili. Masufuria yalikuwa bora kuliko mwanzo. Kilichoharibika ni kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba kipo, yaani ile imani ya mama kwamba ribiti zitakuwa pale pale. Walioyatengeneza masufuria hawakumwambia, kwa kuwa walidhani ribiti ni ya kushikia tu, na mama naye hakuwaambia, kwa kuwa kwake ribiti ilikuwa ya kupimia na alidhani dunia nzima inajua.

Kazi ikaanza upya. Mama aliweka vidole vitatu chini ya ribiti, akaweka alama kwa masizi kwenye mpini wa upawa, na tukachota supu kutoka katika kila sufuria mpaka kwenye alama. Supu ile haikumwagwa. Wapishi waliinywa na pilipili na ndimu, na wote walisema ndiyo iliyowapa nguvu. Mchele ukaingia. Mama alizunguka kutoka sufuria hadi sufuria akisikiliza kwenye mifuniko. Mimi nilikuwa nikipepea moto na kuomba dua zote nilizofundishwa madrasa, hata zile za kusafiri.

Lilitoka pilau. Punje kwa punje, limekolea rangi, kila punje imejitenga na mwenzake. Wakwe kutoka Masanze walipakuliwa sinia kwa sinia, na mshenga wao, mtu aliyekuja na uso wa kutafuta kasoro, aliuliza mpishi ni nani na kama anapokea kazi za mbali. Mama mkubwa alisimama mlangoni akiwa amemshika mdogo wake mkono, na hakuuachia mpaka wageni walipomaliza kunawa.

Na lile bokoboko? Mama alitaka litupwe. Mama mkubwa akakataa, akaliamuru liende kwa wazee waliokaa kivulini nyuma ya nyumba, ambao meno yao yalikuwa ya kuhesabika. Baadaye tukaletewa salamu kwamba hawajapata kula pilau laini namna ile tangu wazaliwe, na mmoja akaomba mpishi asiisahau njia yake ya kupika. Mama alicheka mpaka akajifuta uso kwa khanga. Kwenye basi la kurudi akawa anacheka tena peke yake, na nikijua anakumbuka nini na mimi nacheka.

Nilidhani angerudi nyumbani na kuapa kutolitoa sufuria lake machoni. Haikuwa hivyo. Siku chache baadaye aliliosha kwa majivu likang'aa, akalipeleka kwa kikundi cha akina mama wa mtaa, akawaambia kuanzia leo ni la wote. Baba alishangaa. Nilimuuliza mama sababu. Alisema sufuria moja jikoni kwake linapikia harusi mwezi huu na kukaa tupu miezi mitatu, na yeye anazeeka. Lakini alikuwa ametoa sharti. Aliwaita wote wenye kupika, akaingiza mkono ndani ya sufuria, akawaonyesha ribiti na kuwaeleza kwamba hapa ndipo maji yanapokomea, na yeyote atakayeigusa aseme kwanza. "Mkibadilisha, mniambie," akawaambia. Hilo tu.

Nilirudi Dar nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo. Nikamwambia nimekubali tepu. Alifurahi, akaanza kunieleza faida zake, nikamkatiza nikamwambia nina sharti. Anayetumia kitu cha tepuni aseme anategemea nini ndani yake. Anayekibadilisha, hata kwa kukiboresha, hasa kwa kukiboresha, awaambie wote wanaokitumia kabla. Akauliza nimeyatoa wapi hayo. Nikamsimulia habari za pilau, na yule mtu mpole akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikachukua kipande cha boksi nikaandika UKIBADILISHA, SEMA, nikakibandika kwenye mlango wa kabati la tepu. Wenzangu waliniita Mama Pilau kwa muda mrefu na sikujali. Hatukuacha kabisa kubeba. Programu zilizopelekwa mikoani, mahali ambapo tepu yetu haifiki, zilibeba kila kitu chake. Zilizobaki ziliazima, na mara nyingi ziliazima salama.

Ilipofika miaka ile ya sukari kwa foleni, vidole vya mama vilikuwa vimeanza kukakamaa. Mwiko mkubwa ulimshinda, akaacha kupikia shughuli. Hakuliongelea. Nilipokuwa likizo aliketi barazani, akipokea shikamoo za wapita njia, na harusi zikipita mtaa wa pili tulisikia ngoma na kunusa vitunguu vya watu wengine. Niliona inamuuma.

Siku moja akaja mwanamke wa kile kikundi, mtu mzima na watoto wake, ametoka kwenye maandalizi, unga bado mikononi. Akamwamkia mama, akachuchumaa mbele yake. Alisema amekuja kutoa taarifa. Sufuria lilikuwa limelegea kishikio kimoja, wamelipeleka kwa fundi, na fundi ameshusha ribiti upana wa kidole. Wapishi wote wameshaambiwa. Wakaona si vizuri yeye asikie mwishoni.

Mama aliuliza ni upande gani. Mwanamke akaeleza. Mama akauliza kama ni kidole cha mwanamume au cha mwanamke, na yule akanyoosha cha kwake, mama akakishika akakitazama. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimesikia. Nitakumbuka."

Alipokwishaondoka nikamtazama mama. Alikuwa amenyooka kwenye kiti, na uso wake ulikuwa ule wa Mikumi, wa kusimama mlangoni na dada yake. Nikamwambia kwa upole kwamba yeye hapiki tena.

"Najua," mama akasema. "Na wao wanajua."

Kisha akaniomba chai, hata kama ni ya bila sukari.